Mgeni anapashwa kusalimia, mwenyeji asimpandishie bei

Tangu Goma ilipoanguka mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, jamaa za Kivu zimetafuta usalama hadi Maniema. Wanaopita njia ya Kalima wanafikia kwanza Alunguli, kisha wanavuka Lualaba ndipo waingie Kasuku na Mikelenge. Wengi walikuwa wachuuzi kwao, na hapa wanataka kuendelea na kazi waliyoijua.

Hapo ndipo maneno yanaanzia. Wenyeji wanalalamika kwamba wageni hawana adabu. Wageni nao wanalalamika kwamba wakisikilika tu matamshi yao, bei inapanda.

Kila upande una sehemu ya ukweli. Kindu mtu hasimami mbele ya meza ya mama muuzaji na kuuliza papo hapo bei. Anaanza na "jambo mama", anauliza habari ya nyumbani, ndipo wanasemezana. Anayepanga nyumba anajionyesha kwa chefu wa avenyu mbele ya kutandika godoro. Ijumaa mchana wachuuzi Waislamu wanaenda msikitini, na mteja anangoja bila kununa. Dola yenye mpasuko mdogo inakataliwa, hata kama franka iliyochakaa inapita. Hilo si chuki kwa mgeni, ni vile kote Congo.

Desturi hizo hazigharimu kitu. Mgeni anayezishika anapata wateja, na kesho anaweza kupewa mali kwa deni.

Lakini desturi ina mpaka. Mwenye nyumba anayedai garanti ya miezi sita kwa mama aliyekimbia na watoto hawezi kusema ndiyo desturi ya hapa. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31/12/2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Sheria hiyo ni moja kwa Kindu, Goma na Kinshasa. Vilevile kopo la mchele lililobonyezwa chini ni wizi, awe anapimiwa mgeni ama mwenyeji.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Ni neno zuri, lakini anayepewa jembe anapashwa kuonyeshwa shamba. Machefu wa avenyu ndio wa kuanza: siku wanapoandika jina la mgeni, wamweleze desturi za soko, wamwambie na ile miezi mitatu ya sheria, na mapatano ya nyumba yaandikwe mbele yao, kila upande ubaki na karatasi yake.

Hayo yakifanyika, mgeni asiyesalimia atakuwa na kosa lake mwenyewe. Na mwenyeji anayempandishia bei hatakuwa tena na desturi ya kujifichia nyuma yake.