Jogoo wako wanataga? Kompyuta na swali la jike na dume

Nilikuwa na grafu nzuri sana. Mstari wa buluu ulipanda, mwekundu ukashuka, na nilikuwa nimeshawatumia marafiki watatu nikijisifu kwamba nimetegua kitendawili kilichowasumbua wanabiolojia tangu kabla sijazaliwa. Kisha shangazi akaniharibia Jumapili.

Nianze mwanzo. Kitendawili chenyewe ni hiki: kwa nini wanyama wengi huzaana kwa jike na dume? Usicheke, ni swali zito. Wapo wanyama ambao jike hujizalia peke yake bila dume, hata baadhi ya mijusi. Jike wa namna hiyo huzaa majike matupu, na kila mmoja wao atazaa. Jike anayehitaji dume, karibu nusu ya watoto wake ni madume, na dume hazai. John Maynard Smith, Mwingereza aliyekuwa mhandisi wa ndege kabla ya kugeukia biolojia, aliieleza gharama hii vizuri katika miaka ya 1970.

Fanya hesabu mwenyewe. Weka jike mmoja wa kujizalia kati ya wanyama 1,000. Kila kizazi, ukoo wake unaongezeka mara mbili ukilinganisha na wenzake. Mbili mara mbili, ukirudia mara kumi, ni 1,024. Yaani baada ya vizazi 10 hivi wamefika nusu, na baada ya 20 hao wengine karibu wamekwisha. Mbona basi dunia haijajaa majike matupu? Lazima kuchanganya jeni za wazazi wawili kuwe na faida kubwa ya kulipia hasara hiyo.

Jibu moja maarufu ni vimelea. Fikiria mihogo. Tunaipanda kwa vipande vya shina, kwa hiyo kila mche ni nakala ya mama yake. Ugonjwa ukishajua kuingia mche mmoja, umejua kuingia shamba zima. Miaka ya 1990 batobato kali iliangamiza mihogo Uganda na kuvuka hadi magharibi mwa Kenya. Kirusi kipya na nzi weupe walihusika, sikatai, lakini shamba la nakala ni mlango wenye kufuli moja. Jike na dume hubadilisha kufuli kila kizazi.

Mwaka 1990 William Hamilton, Robert Axelrod na Reiko Tanese walilitia wazo hili kwenye kompyuta. Angalia timu yenyewe: mwanabiolojia, mwanasayansi wa siasa na mtu wa kompyuta. Katika uigaji wao, vimelea vingi vinavyobadilika haraka vilitosha kuwafanya wenye jike na dume wasishindwe, hata wakilipa gharama yote.

Nikasema nami nijaribu. Wiki tatu za usiku, Python, na stima iliyopotea mara mbili. Kila mnyama ni mfuatano wa sufuri na moja. Kila kimelea vilevile. Mifuatano ikifanana, mnyama anaugua na anazaa wachache. Kundi moja linajinakili, jingine linachanganya. Nikaendesha, na jike na dume wakashinda vizuri kabisa. Ndiyo ile grafu.

Jumapili nikaenda kwa shangazi, ambaye anafuga kuku. Nikamfungulia laptopu, nikamweleza kama dakika tano. Akasikiliza kwa upole, kisha akauliza:

"Na hao madume wako, wanataga?"

"Hapana shangazi, dume ha..."

Nikanyamaza.

"Nauliza tu," akasema. "Mimi nina mitetea thelathini na jogoo watatu. Majogoo wengine niliuza Krismasi. Walikuwa wanakula mahindi tu."

Nikafungua kodi (ya programu, si ya nyumba). Kweli bwana. Sehemu ya kuzaa ilikuwa inachukua wanyama wawili wowote, inachanganya jeni zao, kisha inawapa watoto kwa idadi ileile ambayo wawili wa kujinakili wangepata. Sikuwa nimeandika dume popote. Majogoo wangu wote walikuwa wanataga! Gharama ambayo ndiyo kitendawili chenyewe, sikuwa nimeiweka.

Nikarekebisha. Mistari minne tu. Nikaendesha tena, na wanaojinakili wakafagia kila kitu kabla sijamaliza chai. Ili kuwaokoa jike na dume ilinibidi niwafanye vimelea wawe wakali, halafu wakali zaidi, mpaka mnyama akiambukizwa karibu hazai kabisa. Niliwaandikia marafiki wale watatu kukanusha. Mmoja bado ananiita Bwana Jogoo.

Sasa maoni yangu. Kuna watu wakiona grafu husema "kompyuta imethibitisha". Kompyuta haikuthibitisha kitu. Ilitii. Na kuna wengine husema, "Inatoa ulichoweka, basi haina maana." Hao nao sikubaliani nao. Ningeandika insha kuhusu vimelea na mihogo, kosa langu lingejificha ndani ya maneno matamu na hata shangazi angepiga makofi. Programu ilinilazimisha kuamua nani anazaa na wangapi. Kwa kuwa niliamua, mtu aliweza kuniuliza. Kwangu hiyo ndiyo thamani ya uigaji: kila dhana unayoibeba inakuwa mstari ambao mtu mwingine anaweza kuunyooshea kidole.

Wataalamu nao hunyoosheana vidole hivyohivyo. Mwaka 2004 Sarah Otto na Scott Nuismer walipanga upya hesabu za viumbe na vimelea kwa upana zaidi, wakakuta kwamba kwa kawaida mvutano huo haupendelei kuchanganya jeni, isipokuwa katika hali fulani, kwa mfano madhara yakiwa makali sana. Vimelea peke yao, walisema, hawatoshi kueleza kwa nini jike na dume wametapakaa kila mahali. Hilo halikuifanya kazi ya 1990 kuwa upuuzi. Lilionyesha inasimama juu ya nini.

Baada ya hapo lazima mtu atoke nje. Curtis Lively alikwenda kwa konokono wa maji baridi wa New Zealand, ambako wapo wa kujizalia na wapo wa jike na dume, na mwaka 1987 akaripoti kwamba wa jike na dume ni wengi zaidi palipo na minyoo vimelea wengi. Mwaka 2011 Levi Morran na wenzake waliwawekea minyoo wadogo wa maabara bakteria hatari anayebadilika pamoja nao. Minyoo waliojirutubisha wenyewe tu walikwisha kabisa ndani ya vizazi 20. Waliochanganya jeni na wenzao walidumu. Hapo ndipo grafu inapata miguu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiandika uigaji wa kitu chochote, iwe wanyama, matatu au bei ya unga, fanya haya. Andika dhana zako kwa Kiswahili cha kawaida kabla ya mstari wa kwanza. Toa kodi yako pamoja na grafu, na mbegu ya namba za nasibu pia, ili mwingine apate ulichopata. Matokeo yakikufurahisha sana, yashuku mara mbili, kwa sababu kosa linalokupendelea hulitafuti. Mimi yangu nisingelitafuta hata mwaka mzima.

Na kabla ya kutangaza ushindi, mwonyeshe mtu anayefuga kuku.