FUNDI WA BIA YA NYUMBANI, ONYESHA NA AC BASI!

Haya wadau, yule staa wa mjini anayejiita fundi wa bia karudi tena na darasa la kulipia. Jina linahifadhiwa, ila wanaomfuatilia Insta wameshamjua: ndevu, aproni ya ngozi, glasi ya ale inayong'aa kama asali. Anauza ndoo, kimea, hopsi na pakiti ya hamira, halafu anawaambia mashabiki "weka popote, subiri wiki mbili, kunywa."

Popote wapi? Dar hii?

Kwenye komenti zake watu wanalia. Mmoja bia yake inanuka dawa ya kutolea rangi ya kucha. Mwingine inamchoma koo kama gongo. Staa anawajibu wote jibu moja: hamkuosha ndoo vizuri. Jamani! Uchafu unaweza kuifanya bia ikawa siki, kweli. Ila ile harufu na ule mchomo mara nyingi ni joto, na fundi gani hajui hilo?

Hamira nyingi za ale zinapenda nyuzi 18 hadi 22. Dar mwezi wa kwanza hata usiku wa manane ni kama 25 na kuendelea, mchana ndo usiseme. Kibaya zaidi, hamira ikishaanza kula sukari inatoa joto lake yenyewe, kwa hiyo ndani ya ndoo kunazidi chumba kwa nyuzi kadhaa. Sasa weka lita 20 chini ya bati kule Mbagala uone. Siku 3 za kwanza ndizo zinazoamua. Ukianza kupoza wiki ya pili umeshachelewa, ile ladha haitoki ng'o.

Na yeye je? Rudini kwenye video zake mtazame vizuri. Nyuma ya ile ndoo, juu ukutani, AC imewaka. Kwenye video moja kavaa sweta. Sweta, Dar, Januari! Hilo darasani halisemi, maana akilisema nani atanunua ndoo wakati LUKU ya taa na feni tu inamtoa jasho?

Kinachokera ni kwamba njia za bei ya kawaida zipo. Ndoo inakaa kwenye beseni kubwa la maji, unatumbukiza chupa za maji yaliyogandishwa (hata kwa jirani mwenye friji), unabadilisha asubuhi na jioni, na kipimajoto cha kubandika ubavuni. Taulo lililoloa na feni vinasaidia, ila kwa unyevu wa pwani usivitegemee peke yake. Au abadilishe pakiti tu! Kuna hamira zinaitwa kveik, zilitunzwa na wakulima wa Norwei, zinachapa kazi kwenye nyuzi 30 na zaidi bila kununa. Lakini staa anaendelea kuuza hamira ya baridi kwa watu wa joto, ikiharibika anawaita wachafu.

Juzi dada mmoja aliyemwaga ndoo nzima chooni aliuliza kwa adabu tu, "Kaka, wewe unaweka nyuzi ngapi?"

Kapigwa bloku.

Kama na wewe ulinunua ile ndoo, dondosha komenti hapo chini: bia yako ilinuka nini?