TAIFA ZIMA LAPANGA FOLENI KWENYE GETI MOJA

Usiku wa kuamkia Septemba 15, 2025, Dar es Salaam ikiwa imelala na barabarani wamebaki mbwa na walinzi, askari wa Jeshi la Wananchi anayeitwa Alphonce Simbu alikuwa Tokyo akimalizia kilometa 42 na ushei. Mita za mwisho kabisa Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele yake. Simbu akamfuata, akamkuta kwenye mstari. Wote wawili wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ilibidi mashine iseme nani kashinda: Mtanzania, kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano ya dunia ya riadha yaanze mwaka 1983.

Kesho yake, Septemba 16, Simba na Yanga zikakutana Uwanja wa Mkapa kugombea Ngao ya Jamii. Yanga ikashinda 1-0.

Sasa ndugu msomaji, tuambiane ukweli bila kuoneana haya. Kijiweni kwenu wiki ile mlizungumza nini? Bingwa wa dunia alipewa dakika ngapi, na lile bao lilipewa siku ngapi?

Hatuulizi ili kukusuta. Hata sisi tunaoandika haya tulikuwa kwenye banda la video tukipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Tunauliza kwa sababu hapo ndipo kilipo kitendawili cha michezo ya nchi hii. Kwa nini mchezo ambao haujawahi kutufikisha Kombe la Dunia hata mara moja unakula kila kitu, na mchezo uliotuletea heshima zote kubwa unaishi kama mtoto wa kambo?

Wako wenye jibu la haraka. Wanasema ni damu. Ati Wairaqw na Wabarbaig wamezaliwa na mapafu ya kukimbia, Wakalenjin vilevile, na sisi wa mjini tumezaliwa na miguu ya kupiga danadana. Porojo! Suleiman Nyambui hakutoka kwenye milima ya Mbulu. Ni mtu wa Majita, kando ya Ziwa Victoria, kwa wavuvi. Alirudi na medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Simbu mwenyewe ni mtu wa Singida.

Ukweli ni kwamba kipaji kinapatikana kila mahali, tena bure. Kisichopatikana kila mahali ni ngazi. Mtoto akionekana leo, nani atampokea kesho? Nani atamlisha keshokutwa? Na akishakuwa mkubwa, nani atamlipa? Mchezo wenye majibu ya maswali hayo matatu unakua. Usio na majibu unasubiri miujiza.

Tazama soka. Mtoto wa Tandika anaanza na mpira wa makaratasi na soksi, anacheza chandimu uchochoroni na magoli ya matofali mawili mawili. Akichangamka anachukuliwa na timu ya mtaa. Baada ya hapo kuna ndondo, kuna madaraja ya chini, na wakati wote kuna wazee wamekaa pembeni ya uwanja wakimwangalia, kwa sababu kila mzee wa mjini anajiona kocha. Juu kabisa kuna Yanga iliyoanza 1935 na Simba iliyoanza 1936, zenye matawi mpaka vijijini ambako umeme haujafika. Redio inazungumza soka kuanzia chai ya asubuhi mpaka mtu anakwenda kulala. Mwaka 2021 haki za kuonyesha Ligi Kuu kwenye televisheni ziliuzwa kwa miaka kumi kwa shilingi bilioni 225.6. Hakuna mchezo mwingine hapa nchini unaozikaribia fedha hizo.

Lakini ngazi hiyo, kwa sehemu kubwa, haikujengwa na wakubwa wetu hawa wanaojazana jukwaa kuu siku ya mechi ya watani. Ilijengwa na kiingilio cha kapuku. Mlalahoi aliyeacha kula mchana ili aende uwanjani ndiye aliyeilea soka ya Tanzania kwa miaka zaidi ya themanini. Wakubwa walikuja baadaye, wakati harufu ya pilau imeshatoka.

Sasa tazama riadha. Riadha haina kiingilio. Huwezi kuzungushia ukuta barabara ya Karatu ukakata tiketi. Ngazi yake, kama ilikuwepo, ilijengwa na mkono wa umma, na wakati ilipokuwepo ilifanya kazi kweli kweli.

Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kijana mwanajeshi Filbert Bayi alichomoka mbele tangu hatua ya kwanza ya mita 1,500 na hakuna aliyemwona tena usoni. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, akaweka rekodi ya dunia ya maili. Gidamis Shahanga akachukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, na ya mita 10,000 mwaka 1982. Juma Ikangaa, naye mwanajeshi, akaiteka New York mwaka 1989. Moscow 1980 Bayi alipata fedha ya kuruka viunzi na maji, Nyambui ile tuliyokwisha kuitaja.

Watu hawa hawakudondoka kutoka mbinguni. Kulikuwa na mashindano ya shule. Kulikuwa na jeshi, polisi na magereza waliomchukua kijana mwenye mbio, wakampa sare, mshahara na muda wa mazoezi. Kulikuwa na mashirika ya umma yenye timu za kila mchezo. Wengine, kama Nyambui na Shahanga, walipata nafasi ya kusoma na kukimbia katika chuo cha Marekani, huko El Paso, Texas. Ngazi hiyo haikuwa nzuri sana, ilikuwa na tope na mapengo, lakini mtu aliweza kupanda.

Kisha ikavunjwa pole pole, kipande kwa kipande. Uchumi ukayumba miaka ya 1980. Mashirika yakauzwa miaka ya 1990, na mnunuzi hakununua kiwanda ili alee mkimbiaji. Halafu, kana kwamba hiyo haitoshi, mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikayasimamisha mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Sababu iliyotolewa? Michezo inawapotezea watoto muda wa masomo! Mashindano yalirudi baada ya miaka kadhaa, lakini mtoto aliyekuwa na miaka 13 wakati yanafungwa hakurudi kuwa na miaka 13.

Matokeo yake mnayo. Tangu zile medali mbili za Moscow mpaka Olimpiki ya Paris 2024, Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki. Miaka 44.

Soka nayo ilipata kipigo hicho hicho mashirika yalipokufa. Waulizeni watu wa Tukuyu timu yao iliyokuwa bingwa wa nchi mwaka 1986 iko wapi. Tofauti ni kwamba soka ilikuwa na mfuko wa mshabiki wa kuegemea. Riadha, kuogelea na mpira wa kikapu havikuwa na pa kuegemea.

Mwandishi wa tahariri hii alisoma sekondari moja ambayo hatutaitaja. Kwenye ratiba ya ukutani kulikuwa na kipindi cha michezo kila Jumatano. Kila Jumatano tulifyeka nyasi. Mpira ulikuwa mmoja, unakaa kabatini, na hautoki mpaka mkaguzi aje. Darasani kwetu kulikuwa na jamaa aliyekuwa anaruka ukuta wa shule kama swala, saa nne asubuhi, kwenda kununua chapati. Tulimcheka, walimu wakamchapa, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuchukua futi akapima anaruka kimo gani. Leo anaendesha bodaboda Mbagala.

Nchi yetu ina pwani ya zaidi ya kilometa 1,400. Nenda Coco Beach Jumapili uone vijana wanavyochezea mawimbi. Lakini mashindano ya kuogelea hayafanyiki baharini kwenye jahazi, yanafanyika kwenye bwawa lenye vipimo, na mabwawa ya mji huu yako hotelini, kwenye klabu za wenye nazo na kwenye shule za ada ya dola. Mtoto wa mvuvi wa Kunduchi anaogelea maisha yake yote bila mtu kumshikia saa.

Hasheem Thabeet mnamkumbuka. Mtoto wa Dar es Salaam, mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA, Marekani nzima inamtazama. Alianza kushika mpira wa kikapu akiwa tayari kijana mrefu wa sekondari. Ngazi gani ya Tanzania ilimpandisha? Aliokotwa na bahati. Na wangapi warefu kama yeye hawakuokotwa?

Ndondi iko katikati, na inatufundisha. Haihitaji uwanja, inahitaji ukumbi, glovu na ubishi, vitu ambavyo Manzese haijawahi kupungukiwa. Ina kiingilio, kwa hiyo ina mapromota, kwa hiyo inaishi. Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham mwaka 2018 akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, kwao. Lakini chini, kwenye ngumi za ridhaa ambazo hazina promota, hali ni ile ile ya kubangaiza, ingawa huko ndiko Michael Yombayomba alikotokea na dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1998, na mwaka 2022 vijana wetu wawili wakapata shaba.

Kuna watakaotuambia, mbona Kenya? Naam, tuizungumze Kenya. Mpaka wa Namanga haukuikata milima, na hewa ya Mbulu haina tofauti kubwa na ya Iten. Iten ina shule, St Patrick's, ambako mtawa mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, alifika mwaka 1976 na kuanza kufundisha mbio. Mikononi mwake ndimo alimopita David Rudisha, mwenye rekodi ya dunia ya mita 800. Shule inampokea mtoto, polisi na jeshi wanamlisha, mawakala na kampuni za viatu wanamlipa. Kenya ina medali za Olimpiki zaidi ya 100.

Lakini ziangalie medali hizo vizuri. Ni za riadha na ndondi, basi. Wakenya nao Kombe la Dunia la soka wanalitazama kwenye televisheni kama sisi. Hata ndani ya riadha, Julius Yego ilibidi ajifunze kurusha mkuki kwa kutazama video za intaneti, mpaka akawa bingwa wa dunia mwaka 2015. Kwa jirani yetu pia, kipaji kilichozaliwa nje ya ngazi kinajitafutia njia chenyewe.

Na Jamaika, kisiwa chenye watu chini ya milioni tatu, mashindano ya riadha ya sekondari yanafanyika tangu 1910 na yanajaza uwanja kama Simba na Yanga. Usain Bolt alipita humo akiwa mwanafunzi. Damu gani tena?

Sasa hili linakuhusu nini wewe kijana wa Kariakoo, Mabibo au Tandale? Linakuhusu tumboni. Ligi Kuu ina timu 16. Tuseme kila timu isajili watu 30, hao ni 480 nchi nzima. Kanuni za misimu ya karibuni zimeruhusu hadi wageni 12 kwa timu moja, na klabu zenye fedha huzitumia nafasi hizo. Hesabu zilizobaki fanya mwenyewe, halafu hesabu vijana wanaofanya mazoezi alfajiri kwenye mtaa wako tu. Taifa zima limepanga foleni kwenye geti moja. Aliyeumbwa kukimbia mita 400 yuko humo, anakaa benchi kama beki wa pembeni. Bondia yuko humo, anapewa kadi nyekundu kila wiki. Akifika miaka 25 anaambiwa hana kipaji, anarudi kijiweni, na anaamini.

Hatusemi soka ipunguziwe. Rais alipoahidi milioni tano kwa kila bao la Simba na Yanga mwaka 2023 tulishangilia na wengine. Tunauliza tu, Mama, na mita je?

Tunalo swali moja zaidi, na hili ni la shilingi. Kila Jumapili nyie vijana mnachana mikeka. Kubeti kunatozwa kodi, na tangu mwaka wa fedha 2021/22 sehemu ya kodi hiyo imeelekezwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Maana yake wafadhili wa mfuko huo ni nyie, mnaopoteza nauli kwa sababu timu moja ya Uingereza imesawazishiwa dakika ya 90. Mfadhili ana haki ya kuuliza. Riadha imepata kiasi gani? Kuogelea? Ngumi za ridhaa? Ni shule ngapi za kata zimechorewa hata njia sita za kukimbilia kwa chokaa?

Tunaiomba Wizara itoe orodha, mchezo kwa mchezo, mwaka kwa mwaka. Ikitoka tutaichapisha ukurasa wa mbele, bila kupunguza hata sifuri moja.