Adabu ya Kuzungumza na Mwandishi wa Habari

Mtu anayeketi mbele ya mwandishi wa habari aghalabu hudhani kwamba msikilizaji wake ni kijana yule mwenye daftari, kumbe anausemesha umma mzima, wa mjini na wa mashamba, ambao haukujaliwa nafasi ya kufika wenyewe kuuliza. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania yampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya matukio muhimu kwa maisha ya wananchi, na Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Dola. Kwa hiyo mkubwa wa ofisi anayemweka mwandishi kwenye benchi tangu asubuhi hata adhuhuri, kisha akamtuma karani kusema kwamba bwana ametoka, hali gari lake lipo uani, amewadharau raia, na raia ndio wenye ofisi ile.

Ada njema huanza kabla ya neno la kwanza. Mwenye kuhojiwa ana haki ya kujua mahojiano ni ya chombo gani, yahusu nini, na kama yanarushwa moja kwa moja ama yanarekodiwa. Tena aweza kushurutisha mapema kwamba jambo fulani atalieleza ili mwandishi apate kufahamu tu, jina lake lisitajwe, na mwandishi akiridhia, sharti hilo ni amana ambayo muungwana haihini. Lakini sharti haliwekwi baada ya maneno kutoka. Mara nyingi kinasa sauti kimekwisha kuzimwa, chai imekwisha kumiminwa, mwenyeji ameegemea kiti kwa furaha ya kumaliza salama, ndipo anapoitoa siri ya kikao cha jana na kumteta mwenziwe, kisha akainua kidole: “Hayo usiyaandike, mwanangu.” Wengi huwalaumu waandishi kwa yanayofuata; mimi lawama naiweka kwa msemaji, maana mwandishi hakuahidi kitu, na maneno aliyasikia kwa masikio yake.

Mwalimu Nyerere alipozungumza na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, mwaka 1995, miaka kumi baada ya kung’atuka urais, alizitaja nyufa alizoziona katika taifa moja baada ya moja, bila kumung’unya maneno, na hotuba ile ingali ikisikilizwa hata leo. Alijua alilokwenda kulisema. Asiye na ujuzi wa jambo naye hana aibu kukiri kwamba halijui na kuahidi kulitafuta, mradi alitafute kweli, na jioni ile ile ampigie simu aliyemwuliza, kwa kuwa gazeti lina saa yake ya kwenda mtamboni.

Wapo wanaodai kuletewa habari waisome kabla haijachapwa. Kuomba tarakimu na maneno yako mwenyewe yahakikiwe ni insafu. Kutaka kufuta swali lililokukera ni kujitwalia kiti cha mhariri.

Na ile bahasha ambayo msaidizi huitia mkononi mwa mwandishi mlangoni, akiiita nauli, naichukia kuliko yote niliyokwisha kuyataja. Mwandishi ambaye ujira wake ni haba hutahiniwa mbele ya wenzake. Akiipokea, kalamu yake imefungwa, na akiikataa, huitwa mwenye kiburi. Mwenye kumheshimu kweli amjibu maswali yake, amtakie heri, amwache aende zake mikono mitupu.

Habari ikitoka na kosa, mwandikie mhariri, onyesha mstari wenye kosa na usahihi wake, ukiambatisha hati uliyo nayo. Na akikaidi, Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, hupokea malalamiko ya namna hiyo na kuwasuluhisha wahusika. Kumpigia simu mwenye gazeti usiku, ili kijana yule afukuzwe kazi kwa kuandika yaliyosemwa, ni dhuluma, na wanaoitenda hawastahili kukabidhiwa madaraka ya umma.