Bei ya Kutu
Wiki hii, kwenye gereji moja ya Industrial Area, Nairobi, nimeikuta Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, mavazi yale yale ya magari yaliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Muuzaji alikuwa anamwonyesha kijana mmoja, kwenye simu, habari ya Januari 2020: gari la aina hiyo lilinunuliwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Ni kweli, ila lile lilikuwa limetembea kidogo mno. Nayaelewa mapenzi ya gari hili. Mjomba wangu hadi leo akimtaja Shekhar Mehta, mshindi wa 1973, hushusha sauti. Lakini rangi hupakwa hata jana jioni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na mti wa 240Z ni bati linaloliwa na kutu chini ya betri, sakafuni na kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. Injini hainitishi, ile silinda sita ya lita 2.4 fundi mzuri ataifufua. Bodi iliyooza ndiyo humuuzisha mtu shamba. Kijana akatoa sumaku mfukoni (nikampenda papo hapo). Mlangoni ilinasa, kwenye tao la nyuma ikaanguka: pati tupu, si bati. Akaomba jeki aone sakafu. Akaambiwa wateja wengine wanasubiri. Kwangu mimi, anayekataa gari lipandishwe jeki anauza vipuri, na alipwe bei ya vipuri. Kijana alitaja robo ya alichoambiwa. Hawakuelewana.