Kifua cha Zamani na Donge la Damu

Katika nyumba nyingi yumo mzee ambaye kikohozi na pumzi fupi vimekuwa sehemu ya maisha yake: bibi aliyepikia kuni miaka mingi katika jiko lisilo na dirisha, au babu aliyevuta sigara tangu ujana. Tumezizoea pumzi zake, na mazoea hayo ndiyo tunayotaka kuyatahadharisha leo.

Juzi tulimzuru mzee wa namna hiyo. Kifua kilimzidi akalala siku tano. Siku ya sita pumzi zilimbana ghafla, na kila alipovuta hewa alichomwa ubavuni. Wanawe walimpa dawa yake ya kuvuta, wakidhani ni yale yale. Aliyegutuka ni mjukuu aliyekuwa akimmiminia maji ya udhu: “Mbona mguu mmoja wa babu umevimba?” Hospitali ilibainika kuwa damu imeganda mguuni, na donge lake limepanda hadi kuziba mshipa wa pafu.

Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu yu karibu zaidi na hatari hii. Kifua kinapochafuka, damu huwa nyepesi kuganda. Na kulala kutwa kucha huifanya itulie miguuni. Basi pumzi zikibana ghafla kuliko kawaida, kifua kikichoma, makohozi yakiwa na damu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, tusisubiri kuche. Twende hospitali.

Tiba ipo: sindano za heparini, au vidonge kama warfarini na rivaroksabani. Dawa hizi haziyeyushi donge; hulizuia lisikue na mengine yasizuke, mwili nao ukiliyeyusha taratibu. Ndiyo maana kwa kawaida tiba haipungui miezi mitatu, na kuiacha kwa kujisikia nafuu ni hatari.

Anayemeza warfarini hana budi kupimwa damu mara kwa mara. Mchicha na kisamvu hakatazwi, ila asile sana wiki hii na kuacha wiki ijayo. Akiandikiwa antibaiotiki kwa ajili ya kifua, amkumbushe daktari, kwani baadhi yake huzidisha nguvu ya warfarini hata damu ikavuja. Asijinunulie diklofenaki wala aspirini. Hijama nayo, pamoja na heshima yake katika Sunna, asiifanye bila ushauri wa daktari, maana damu yake haikatiki upesi.

Wapo wanaotuuliza kuhusu heparini, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na matumbo ya nguruwe. Swali hilo ni la haki. Daktari aulizwe kama ipo dawa mbadala inayofaa, kwa mfano fondaparinuksi, isiyotokana na mnyama. Lakini pasipo mbadala, fiqhi yetu ina mlango wa dharura, na roho ya mgonjwa isipotee tukiwa bado tunajadiliana mlangoni.

Mzee wetu anapouguzwa, tumsaidie kukaa, kuchezesha nyayo na kutembea hatua chache kadiri awezavyo. Na tukiingia chumbani kumpa mkono, tuitazame na miguu yake. Mola awaponye wagonjwa wetu. Amin.