Ubao, Chati na Daftari: Kufundisha Kiini cha Kompyuta Pasipo Kompyuta

Madhumuni ya makala haya ni kutetea jambo ambalo wanachuo wengi hulidhania kuwa gumu mno kwa shule ya msingi. Nasema kwamba mtoto wa Darasa la Sita aweza kufundishwa jinsi kiini cha mfumo endeshi kinavyopokea sehemu mpya na kinavyolinda kumbukumbu yake, na aweza kufundishwa hivyo hata katika chumba kisicho na kompyuta. Natolea mfano Gongo la Mboto, kwenye barabara iendayo Pugu, kwa kuwa ni katika vitongoji vya namna hiyo, vyenye madarasa yaliyojaa, ambako wengi wenu mtapelekwa kwa mazoezi ya kufundisha.

Somo la kompyuta mara nyingi huishia kwenye majina. Mwalimu huchora skrini, kibodi na kipanya ubaoni; watoto hunakili; mtihani huuliza majina yale yale. Mtoto aliyefundishwa hivyo amejifunza kuita kitu, wala hajajifunza kukifikiri. Nyumbani kwao, hata hivyo, mzazi huenda ana simu janja ya Android, ambayo kiini chake ni Linux, kazi iliyoanzwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Tanzania mwaka 2008, fedha za jamaa nyingi zimekuwa zikipita simuni. Anayeaminia kifaa riziki yake hana budi kujua angalau ni utaratibu gani unaomlinda.

Tutazame basi utaratibu wenyewe. Kiini ndicho msimamizi wa kompyuta nzima. Hakibebi kila kitu tangu mwanzo. Kifaa kipya kinapochomekwa, chaweza kuita moduli, yaani kipande cha programu kinachojua kukiendesha kifaa hicho. Katika Linux, moduli hupitia hali nne. Kwanza haijaundika: jina lake limeandikwa orodhani ili isipakiwe mara mbili, lakini bado inapangwa. Pili inaingia: imekamilika kuundwa na inafanya maandalizi yake. Tatu iko kazini. Nne inaondoka. Maandalizi yakishindikana, haifiki kazini kamwe. Huondolewa na nafasi yake hurudishwa.

Hali ile ya kwanza haikuwapo tangu zamani. Iliongezwa mwaka 2013, baada ya kuonekana kwamba sehemu nyingine za kiini ziliweza kulikuta jina orodhani na kuisoma moduli ambayo haijakamilika. Hili ni funzo kubwa kwa mtoto: kuorodheshwa si kuwa tayari.

Ulinzi wa kumbukumbu nao una kanuni moja kuu: mahali panapoandikika pasitekelezwe, na mahali panapotekelezwa pasiandikike. Maagizo ya moduli husomwa na kutekelezwa, lakini hayabadilishwi. Majedwali ya kudumu husomwa tu. Data za kazi huandikwa na kufutwa, lakini hakuna anayezitii kama amri. Sababu yake ni dhahiri. Kama mahali pamoja pangekuwa pa kuandikika na pa kutekelezwa, adui aliyepata upenyo wa kuandika neno moja angekuwa amepata pia uwezo wa kuamrisha.

Sasa mbinu. Ligawe darasa katika makundi, kila kundi likiwa moduli, na kiranja awe kiini. Yafuatayo yatatosha:

(a) Maagizo ya kazi yaandikwe ubaoni na mwalimu kabla kundi halijaitwa. Likiisha kuitwa, chaki ifungiwe. Kila mtoto asome na kutenda, asiwepo wa kuandika.

(b) Chati ya kuzidisha itundikwe ukutani. Husomwa, haiandikwi, wala haimwagizi mtu afanye lolote.

(c) Daftari liandikwe kwa uhuru. Lakini mtoto mmoja akiandika daftarini mwake, "Wote simameni!", asisimame mtu. Hapo ndipo darasa litakapocheka, na hapo ndipo litakapoelewa.

(d) Kundi jipya lingoje mlangoni. Kiranja aandike jina lake, lakini asilitume kazi. Kisha liingie, lipange vifaa vyake, na likisema "Tayari" ndipo litumike. Maagizo ya kupanga vifaa yafutwe mara yakiisha kutumika, kama kiini kinavyoirudisha kumbukumbu ya maandalizi. Kundi likikosa vifaa, litoke na jina lifutwe.

(e) Kila anayeomba msaada wa kundi aweke kizibo cha soda mezani pake, na akimaliza akichukue. Kundi lisiruhusiwe kuondoka maadamu kizibo hata kimoja kimebaki. Kiini nacho huhesabu watumiaji wa moduli kwa njia hiyo.

Mwalimu awe mwangalifu katika kuchagua mifano. Huenda mtu akashawishika, akiwa Gongo la Mboto, kueleza ulinzi kwa ghala la silaha. Asifanye hivyo. Tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi mahali hapo; zaidi ya watu 20 walifariki na maelfu wakayakimbia makazi yao. Wanafunzi wa leo hawakuwa wamezaliwa, lakini wazazi wao wanakumbuka. Msiba wa majirani si zana ya kufundishia. Ubao na daftari vyatosha.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya chuo kikuu. Nakubali kwamba kuandika moduli ni kazi ya wataalamu. Lakini mtoto hufundishwa mzunguko wa damu pasipo kutarajiwa kupasua moyo. Wengine watasema mfano si kitu chenyewe, nao wanasema kweli: katika kompyuta hakuna kiranja anayekumbuka wala kusahau, bali kichakato chenyewe hukataa kutekeleza ukurasa wa kumbukumbu uliokatazwa. Mwambieni mtoto hivyo mwishoni mwa somo, ajue mfano unapokoma.

Ndugu wanachuo, kompyuta zitafika katika shule nyingine mapema na nyingine kwa kuchelewa. Kuzingoja si sababu ya kuchelewesha fikra. Mtoto aliyekwisha kuelewa kwa nini chaki hufungiwa somo likianza, na kwa nini kundi la mlangoni halitumwi, siku atakayoketi mbele ya mashine ataiuliza maswali. Yule aliyekariri majina ya sehemu zake ataisubiri imwambie la kufanya. Ni juu yetu kuchagua ni mtoto yupi tunayemlea.